Mto Sosiani na Maji ya Udhu: Safari ya Eldoret

Mji wa Eldoret umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, kimo cha mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na katikati yake unapita mto Sosiani. Jina la mji lenyewe lasemekana limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, na aliyesimama darajani akaona maji yanavyobiringika juu ya majabali hatahitaji kuuliza sababu. Kabla ya jina hilo kutangazwa mwaka 1912, watu walipaita hapo Sisibo, yaani 64, kwa kuwa posta ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba lililoandikwa nambari 64 kwenye ramani ya walowezi. Reli ilifika mwaka 1924. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 475,716, na tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikapewa hati ya kuwa jiji, la tano katika Kenya. Vituo hivi vyote, tangu posta hadi jiji, vimepitishwa kando ya mto mmoja usiozidi upana wa barabara.

Wasomaji wengi wa jarida hili wana dada au binti aliyeolewa bara, na aghalabu tunapowazuru huwa tunahesabu saa za safari kuliko tunavyoitazama nchi. Basi la Mombasa hupita Nairobi na Nakuru, likapanda nyanda za Mau, likavuka ikweta karibu na Timboroa, ndipo likateremka Burnt Forest na kuingia Eldoret. Ashukaye alfajiri naye amezoea joto la Majengo au Kisauni hujua papo hapo kuwa yu nchi nyingine. Baridi ya asubuhi hufika nyuzi 10 hivi, na maji ya bomba yakigusa kiwiko mtu hukumbuka fadhila iliyotajwa na Mtume (S.A.W.) ya kukamilisha udhu wakati wa mashaka. Kibla nacho chataka uangalifu. Sisi wa Mombasa, tulio karibu kusini kabisa ya Makka, huelekea kaskazini takriban moja kwa moja; Eldoret huelemea mashariki kidogo.

Nilikwenda mwezi wa Aprili kuhudhuria akdi, mvua ndefu zikiwa zimeshika. Nilifikia kwa binti wa marehemu ndugu yangu, aliyezaliwa Mji wa Kale na sasa ni mama wa watoto wanne huko bara. Mashamba ya mahindi na ngano yalikuwa yamekwisha kulimwa, udongo mwekundu umelala kama mkeka uliokunguutwa, na pembezoni mwa njia kifabakazi, ule mti wenye maua mekundu kama makaa, ulikuwa umechanua. Katika sehemu za majimaji nje ya mji niliwaona korongo taji wawili wakitembea kwa madaha kama mabwana harusi. Niliwasimamisha watoto tukawatazama mpaka wakaruka. Mtoto wa pili aliniuliza, "Babu, na wao wana mfalme?" Nikamjibu kwamba wana Mola, na kwa kuwa jibu hilo halikumtosha, tuliendelea kulizungumza hadi nyumbani.

Nataka kuuzungumzia mto kwa urefu, maana ndio shina la maneno yangu.

Sosiani huanzia nyanda za juu za Keiyo upande wa mashariki, katika eneo la msitu wa Kaptagat. Hushuka ukapita katikati ya jiji, ukaenda kukutana na Kipkaren, na Kipkaren ukaingia Nzoia. Nzoia hufika Ziwa Viktoria huko Budalang'i katika kaunti ya Busia, mahali ambapo watu wamehamishwa na mafuriko mara nyingi. Kutoka ziwani maji hutoka kwa mto Nile, yakapita Uganda, Sudan Kusini na Sudan, hata yakafika Misri. Kwa hivyo, enyi mama zangu na dada zangu, maji ya mchele yanayomwagwa mtaroni katika mtaa wa Langas yana njia ya kufika nchi ya Nabii Musa (A.S.), hata kama ni tone moja litakalosalia. Watoto wa mpwa wangu hawakulisadiki jambo hili mpaka tulipochukua ramani ya shuleni tukaufuata mstari wa buluu kwa kidole. Huu ndio mchezo wa kwanza ninaoupendekeza kwa kila nyumba yenye watoto: tafuteni maji yenu yatokako na yaendako. Eldoret wataambiwa kwamba sehemu kubwa ya maji ya bomba hutoka bwawa la Chebara katika kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet. Mombasa tutaambiwa Mzima, Marere, Baricho na visima vya Tiwi. Mtoto akijua kwamba maji yake yametoka mbali, na kwamba huko yatokako kuna watu na miti, hulifunga bomba bila kupigiwa kelele.

Tulitembea kandokando ya mto siku ya Jumamosi. Sehemu ya juu, kabla haujaingia katika msongamano wa nyumba, maji yalikuwa ya rangi ya chai ya mvua lakini yakiwa na harufu ya majani tu. Chini zaidi mambo hubadilika. Palikuwa na chupa za plastiki zilizojipanga nyuma ya jiwe kama madau yaliyofunga bandari, matambara, mapovu ya sabuni, na mafuta yaliyotanda juu ya maji kwa rangi za upinde wa mvua. Lakini kilichonisimamisha kilikuwa nepi. Nepi za kutupwa, zimevimba kwa maji, zimenasa kwenye mizizi na matawi. Zilikuwa nyingi hata nikaacha kuzihesabu.

Jambo hili si la Eldoret peke yake. Mwenye kutembea Mkomani au ufuo wa Mtwapa baada ya maji kupwa ataziona. Nalitaja kwa sababu laangukia ndani ya nyumba zetu, mikononi mwa akina mama na dada wa kazi, wala hatuwezi kulisukumia viwanda. Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini watu huzitupa mtoni hali gari la taka hupita.

"Ami," akaniambia, "gari hupita siku ipendayo. Na ukiziweka mlangoni mbwa huzichana zikatapakaa uwanjani, nawe ukaaibika kwa majirani. Tena wako wanaoogopa kuzichoma. Husema mtoto ataungua."

"Ataungua vipi, naye amelala chumbani?"

"Ndivyo wanavyoamini, Ami. Hata huko kwetu wapo."

Alisema kweli, wapo. Kumkinga mtoto ni kwa dua na adhkari alizotufundisha Mtume (S.A.W.), na kuogopea nepi iliyochomwa ni dhana tupu isiyo na asili katika dini. Hata hivyo sisemi mzichome, kwa kuwa moshi wa plastiki una sumu na huingia katika kifua cha huyo huyo mtoto. Na kuhusu kuzitupa mtoni hakuna haja ya kutafuta fatwa mpya. Mtume (S.A.W.) alitahadharisha dhidi ya kujisaidia penye vyanzo vya maji, katika njia wapitazo watu na katika kivuli, akayahesabu mambo hayo kuwa yenye kuvuta laana; na katika hadithi nyingine amekataza kukojoa katika maji yaliyotulia. Anayebeba najisi ya mwanawe na kuitia ndani ya mto ambao mwenziwe upande wa chini anautekea maji, tofauti yake na aliyekatazwa ni ipi? Fuko likifungwa vizuri halibadilishi hukumu.

Lawezekana nini basi? Mpwa wangu hutumia winda za kitambaa mchana, na nepi ya dukani usiku na safarini tu. Winda hizo amezishona mwenyewe kutokana na fulana na mashuka makuukuu, tabaka tatu, na suruali ndogo ya mpira juu yake. Choo cha mtoto hukimwaga chooni kwanza, ndipo akaosha. Kwa baridi ya Eldoret hazikauki upesi, kwa hivyo ana winda nyingi na huzianika jikoni mvua ikizidi. Sisi wa pwani hatuna udhuru huo, jua letu hukausha kanga kwa saa moja. Nepi chache anazotumia huziweka katika ndoo yenye kifuniko mpaka siku ya gari. Aliniambia kwamba tangu aanze hivyo matumizi yake ya nepi yamepungua kiasi cha kulipa ada ya madrasa ya watoto wawili. Mume wake alitabasamu aliposikia, nadhani hesabu hiyo alikuwa hajaisikia.

Nirudi kwenye udhu. Imepokewa kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga josho la faradhi kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri. Kwa vipimo vya leo ni takriban robo tatu ya lita au pungufu kidogo. Fanyeni jaribio hili Ijumaa asubuhi: wekeni beseni chini ya bomba, kila mmoja atawadhe kama alivyozoea, kisha mpime maji kwa chupa. Pale kwa mpwa wangu tulilifanya. Sitataja nani alimaliza maji mengi kuliko wote, ila hakuwa mtoto. Baadaye tukatawadha kwa birika, kila mtu akajaribu kupunguza, na kijana wa miaka tisa akatushinda sote. Ipo pia ile hadithi mashuhuri ya kukatazwa israfu ya maji hata kwa aliye kando ya mto unaotiririka. Wanazuoni wameizungumza sanadi yake, lakini kwamba israfu katika udhu ni karaha ni jambo lililothubutu katika vitabu vya fiqhi tunavyosomesha.

Na yale maji yaliyobaki katika beseni? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, maji yaliyotumika katika udhu wa faradhi ni tohara ingawa hayatoharishi tena. Kwa hivyo hayafai kutawadhia mara ya pili, na yafaa sana kumwagilia mchicha. Nimewaona watu wazima wakistaajabu kulisikia hili, kana kwamba maji yakishapita mkononi mwa Muislamu hayana kazi ila kwenda mtaroni. Msikiti mmoja wenye watu mia moja katika sala tano unaweza kustawisha bustani nzima kwa maji ambayo sasa yanaingia shimoni. Wenye kamati za misikiti wanisikie.

Mvua ni suala jingine. Uasin Gishu hupata mvua ya msimu mmoja mrefu, tangu Machi au Aprili hadi Septemba, kisha huja kiangazi kikali cha Disemba hadi Februari ambapo mifereji hukauka na watu hununua maji kwa mitungi. Hesabu yake ni nyepesi, na watoto wa darasa la tano wataiweza: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 30 za mraba, likinyeshewa milimita 10, hutoa lita 300, nazo ni mitungi 15 ya lita 20. Mvua ya milimita 10 huko huanguka katika alasiri moja. Panahitajika bomba la paani, pipa na kifuniko. Maji ya dakika za mwanzo yaachwe yaende, maana hubeba vumbi na vinyesi vya ndege. Kifuniko kiwe cha kubana, na hasa nawaambia watu wa Mombasa, kwa sababu mbu wa homa ya dengi hutaga katika maji safi ya mapipani, si katika mitaro michafu kama wengi wanavyodhani.

Jirani wa mpwa wangu ni mama wa Kinandi, mzee kuliko sisi sote. Alituletea mursik, yale maziwa ya mgando, ndani ya kibuyu. Nilimuuliza harufu ile ya moshi imetoka wapi, akatuonyesha kijiti cha mti wanaouita senetwet, ambacho huchomwa kikawa kaa na kusuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya maziwa kutiwa. Kibuyu chenyewe ulikiotesha ua wake. Kikipasuka hurudi udongoni. Alisema ana kimoja alichokirithi kwa mamake. Nikakumbuka jinsi bibi zetu walivyokuwa na kata ya kifuu, kung'uto la ukindu, ungo na mkoba wa miyaa, na jinsi tulivyoviona vitu hivyo kuwa vya kishamba tulipoanza kuleta mabakuli ya plastiki kutoka Dubai. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ilipotufikia, tulilalamika kana kwamba kikapu hakijapata kuwako duniani, nasi ni watu wa kikapu.

Mama yule pia hukokea jiko lake kwa magunzi ya mahindi. Baada ya mavuno Eldoret ina milima ya magunzi, na kila gunia lichomwalo jikoni ni kuni zilizobaki mtini. Pwani tuna vifuu na makumbi. Si dawa ya kila kitu, moshi wake ni mwingi na jiko litakiwe mahali penye hewa. Aliye na uwezo wa gesi, gesi ni bora kwa macho na kifua cha mpishi.

Katika nyumba ya mpwa wangu taka za jikoni hutengwa tangu asubuhi. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 yaitaka kila nyumba itenge kiozacho na kisichooza, ingawa ukiuliza katika mitaa mingi utaambiwa sheria hiyo haijapita kwao. Maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai, mabua ya sukuma wiki na majivu huingia katika shimo la kina cha mkono mmoja nyuma ya nyumba, yakafunikwa kwa majani makavu na udongo kidogo, na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili. Nyama, samaki na mafuta haviingii, kwa sababu ya panya. Baada ya miezi mitatu au minne hupatikana mbolea nyeusi isiyonuka, nayo hujazwa katika magunia yaliyotobolewa ubavuni, sukuma wiki ikaota pande zote. Magunia manne yanamtosha kwa mboga ya wiki. Aliwahi kuulizwa na shoga yake kama mboga iliyotiwa samadi ya ng'ombe ni halali. Jawabu ni kwamba wanazuoni wetu wameruhusu kutia samadi shambani, na mmea huo waliwa baada ya kuoshwa.

Siku ya Jumapili tulikwenda Kaptagat. Ndiko anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni chini ya saa mbili mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, na watoto walitamani kumwona kuliko walivyotamani kuona mti wowote. Hatukumwona. Lakini niliwaeleza jambo ambalo halisemwi sana kama mbio zake: kwamba taasisi yake imechukua hekta 50 za msitu huo kwa makubaliano na Huduma ya Misitu ya Kenya, ili ziotesheke upya. Mtu aliyeshinda mataji yote angeweza kujenga jumba tu akapumzika. Huyu amerudi kwenye msitu uliompa hewa ya mapafu yake. Msituni mna mierezi, mipodo na mizeituni ya mwitu, pamoja na misitu ya kupandwa ya miti ya mbao. Chini ya miti baridi ilikuwa kali hata kanga mbili za mpwa wangu hazikumtosha.

Kupanda miti kumekuwa jambo la sherehe nchini mwetu. Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa mapumziko maalumu ya kupanda, na tangu mwaka 2024 tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Mazingira. Nayapenda haya. Lakini nimehudhuria hafla nyingi za namna hii kiasi cha kuwa na neno. Watu huja na fulana mpya na wapiga picha, miche hutiwa katika mashimo ya kina cha kikombe, na wanapoondoka uwanja umejaa vile vifuko vyeusi vya miche. Mwezi wa Februari hakuna arudiye kuhesabu iliyo hai. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim yaeleza kwamba Muislamu akipanda mmea, akala humo mtu, mnyama au ndege, hiyo huwa ni sadaka yake. Ndege hali picha. Afadhali familia moja ipande mche mmoja, shimo la futi mbili, udongo wa juu utengwe na urudishwe chini penye mizizi, kifuko kirudi nyumbani, na kiangazi cha kwanza mtoto mmoja apewe wajibu wa kuunywesha mtungi kila wiki. Wenye viwanja vya mtoni wasipande mikaratusi ukingoni, maana ni mti wenye kiu kubwa. Kifabakazi na miti mingine ya asili yafaa zaidi.

Niliulizwa katika kikao cha akina mama, baada ya akdi, kama inafaa kumpandia mtoto mchanga mti siku ya akika. Nilijibu kwamba akika ina sunna zake zinazojulikana, mbuzi, kunyoa nywele na jina, wala mti si katika hizo, asije mtu akauingiza katika ibada hiyo akaufanya wajibu. Lakini kupanda mti kwa ajili ya kushukuru, siku yoyote, ni sadaka, na mtoto akiambiwa "huu ni wa umri wako" atautunza. Mama mmoja akasema mti wa mwanawe wa kwanza, mparachichi, tayari unawalisha.

Karamu ya harusi yenyewe ilinifurahisha kwa jambo dogo. Wali uliletwa kwa masinia, watu watano watano, na maji katika magudulia na vikombe vya bati. Hapakuwa na sahani za kutupwa wala chupa moja kwa kila mgeni. Mabaki yalikuwa machache, maana alaye sinia moja na wenziwe huona haya kuacha lundo. Huko pwani, tuliokuwa walimu wa sinia, sasa walima mmoja huacha magunia kumi ya chupa na maboksi ya chakula kilichomegwa mara mbili. Na Idi ya kuchinja ikija, nyama na igawanywe kwa vyombo na vikapu, damu na mavi ya tumboni yazikwe shimoni siku ile ile. Shimo hilo hilo, mwaka ufuatao, ni mahali pazuri pa kupanda mgomba.

Kabla sijaondoka niliombwa darsa fupi msikitini, nikawasimulia habari za kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, haukupatikana, akasema basi kisiwa chenyewe kiwe msala. Mwaka 1998 kisiwa na bahari yake vikafanywa hifadhi, na baadaye masheikh wakawasomesha wavuvi kutoka katika Kurani na hadithi kuhusu uvuvi wa baruti na kukokota nyavu juu ya matumbawe. Wavuvi waliokuwa wakimpuuza afisa wa serikali waliwasikiliza. Nikawatajia pia Gazi, kaunti ya Kwale, ambako tangu mwaka 2013 wanakijiji katika mradi wa Mikoko Pamoja wanahifadhi hekta 117 za mikoko na kupata fedha za maji na shule. Kijana mmoja, fundi wa magari, alisimama akauliza: nao wa Eldoret, msala wao ni upi? Kabla sijasema neno, mzee aliyekuwa safu ya mbele akamwelekeza kwa mkono upande wa mtoni, akamuuliza mafuta machafu ya karakana yao huyamwaga wapi. Kijana akainamisha kichwa. Baada ya Isha niliwaona wawili hao nje wakiendelea kuzungumza, na niliposafiri walikuwa wamekubaliana kununua pipa.

Mpwa wangu aliniomba nimpelekee mbegu za mwarobaini, kwa kuwa anaikumbuka kivulini mwa nyumba ya babake. Nimemwandikia kwamba mwarobaini haupendi kimo kile na baridi ile, asijisumbue. Nimempelekea badala yake mkeka wa miyaa na vikapu vitatu. Yeye alinipa miche miwili ya kifabakazi. Mmoja umeshika katika ua wa madrasa na una majani sita. Mwingine umeliwa na mbuzi wa jirani.